Nyumba Imekwenda na Maji: Namna ya Kupata Makao na Msaada wa Fedha Uganda

Uganda haina pwani, na vimbunga vya Bahari ya Hindi huishia mbali na mipaka yake. Lakini mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba, huwaacha watu nje vilevile. Kijiji cha Nametsi kule Bududa kilifukiwa Machi 2010. Bukalasi ilifuata Oktoba 2018. Mto Nyamwamba uliingia majumbani Kasese Mei 2013 na tena Mei 2020. Mbale ilifurika kwa usiku mmoja mwishoni mwa Julai 2022, na Novemba 2024 udongo ulishuka Bulambuli. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeamka leo hana nyumba, na wa jamaa anayempigia simu kutoka Kampala akiuliza aanzie wapi.

Shika jambo hili kabla ya yote: msaada hufuata orodha. Orodha yenyewe huandikwa kijijini, siku chache za mwanzo, na watu waliochoka ambao nao huenda wamefiwa. Jina lililokosekana siku hizo hutafutiwa nafasi kwa miezi. Kwa hiyo nguvu zako za wiki ya kwanza zigawe mara mbili: nusu kwa watoto na chakula, nusu kwa orodha.

1. Siku ya kwanza

Usirudi ndani kufuata godoro. Udongo uliolowa huporomoka zaidi ya mara moja, na mara ya pili huwakuta waliorudi kuokoa vitu. Namba za dharura ni 999 na 112. Mtoto aliyepotezana na wazazi, au aliyeachwa peke yake, aripotiwe kwa 116, laini ya Sauti. Kuipiga ni bure.

Mkiwa mahali salama, tafuta simu yenye kamera, hata ya jirani, na upige picha tano: nyumba kwa mbali pamoja na kitu kinachojulikana (mti mkubwa, kanisa, msikiti, daraja), nyumba kwa karibu, ndani kama kunafikika bila hatari, shamba au mifugo iliyokufa, na moja ukiwa umesimama hapo pamoja na jirani au mwenyekiti wa kijiji. Mtumie jamaa picha hizo kwa WhatsApp siku hiyohiyo. Simu ikizima au ikiibwa kambini, picha zitabaki kwake zikiwa na tarehe.

Usibomoe mabaki ya nyumba kabla hayajaandikwa. Wengi huanza kuvua mabati na milango wayauze au wayahifadhi, halafu timu ya wilaya ikifika inakuta uwanja mtupu na kuandika "hakuna nyumba". Kama ukuta unatishia kuwaangukia watu, uangushe, lakini picha itangulie.

2. Orodha ya LC1: hapa ndipo kazi ilipo

Msafara wa karatasi uko hivi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anaandika kaya zilizoathirika. Orodha inakwenda kwa chifu wa parishi, kisha gombolola, ngazi iliyo juu ya parishi, kisha kwa CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, ambaye kamati ya maafa ya wilaya iko chini yake. Wilaya inatuma timu kutathmini, halafu inaandika ripoti kwenda Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, yenye idara ya maafa. Msalaba Mwekundu wa Uganda nao huwa na vijana wake wa kujitolea wanaoandikisha, mara nyingi wakifika kabla ya serikali. Kampala njia ni fupi kidogo: LC1, kisha ofisi ya divisheni yako ya KCCA, mamlaka ya jiji, iwe Kawempe, Rubaga, Makindye, Nakawa au ya Kati.

Usiupoteze muda na nauli kupeleka barua yako binafsi OPM mjini Kampala. Bila ripoti ya wilaya, utarudishwa wilayani.

Usisubiri uitwe. Chukua daftari la shule, andika kaya yako mwenyewe kwenye ukurasa mmoja, kisha umpe mwenyekiti akinakili. Ukurasa huo uwe na majina ya mkuu wa kaya kama yalivyo kwenye Kitambulisho cha Taifa, NIN (namba ya utambulisho iliyo kwenye kadi hiyo), namba ya simu, kila mtu wa kaya kwa umri na jinsia, nani ana mimba au ananyonyesha, nani mlemavu, nani mzee. Ongeza hali ya nyumba: imeanguka yote, imeanguka sehemu, au imesimama lakini haikaliki. Andika kama ni yako au umepanga, ukubwa wa shamba lililokwenda na zao lililokuwamo, mifugo, na mahali mnapolala sasa. Weka tarehe. Mwombe mwenyekiti aweke sahihi na muhuri kwenye nakala yako, kisha uipige picha. Karatasi hiyo ina thamani kuliko blanketi utakalopewa jioni.

Makosa yanayowatoa watu kwenye orodha ni yaleyale kila mwaka, na mengi huzuilika.

Jina. Kitambulisho kinasema Muhammad, orodha ikaandika Mohamedi. Au jina la ukoo na la kupewa yamegeuzwa. Kwa binadamu ni mtu mmoja, lakini kwa kompyuta inayolinganisha orodha na NIN ni watu wawili. Simama karibu na mwandishi, mwonyeshe kadi, msomee herufi kwa herufi.

Simu. Fedha zikija, mara nyingi huja kwa mobile money, na jina lililosajili laini hulinganishwa na jina la orodha. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mjomba au la mume wa zamani itakwamisha malipo. Kama huna laini yenye jina lako, hiyo ni kazi ya wiki hii.

Mpangaji. Wenye nyumba huandikwa, wapangaji husahauliwa. Mwenye nyumba amepoteza jengo. Wewe umepoteza vyombo, nguo, biashara na mahali pa kulala. Nyote wawili ni waathirika, kila mmoja na safu yake. Dai uandikwe kama mpangaji, na ulete risiti ya kodi au jirani wa kukushuhudia.

Kaya zilizobanwa kuwa moja. Bibi anayejipikia mwenyewe na wajukuu wake, au mke wa pili mwenye jiko lake, ni kaya inayojitegemea. Wakiandikwa chini ya mwanamume mmoja, unga wa kaya tatu utakuja kwa kipimo cha moja.

Aliyekwenda kwa jamaa. Watu wanaolala kwa ndugu hawaonekani kambini, na orodha nyingi huandikiwa kambini. Rudi siku ya uandikishaji, au mtume mtu mzima wa kaya akiwa na ukurasa wako. Andikwa kijiji ulikopoteza nyumba, usiandikwe tena kijiji ulikohamia. NIN ikionekana mara mbili huweza kufutwa kote kote, na kujieleza baadaye ni taabu.

Kuandikwa ni bure. Anayetaka "hela ya fomu" au "hela ya mafuta ya timu" anakuibia, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

3. Karatasi zilizosombwa

Anza na laini ya simu, maana namba hiyo ndiyo iliyo kwenye orodha. Nenda duka la huduma la MTN au Airtel ukafanyiwe laini mpya ya namba ileile. Wakikutaka NIN na huna kadi, kumbuka NIN yako huenda ipo kwenye fomu za shule ya watoto, benki, SACCO (chama cha akiba na mikopo), au picha ya zamani kwenye simu ya jamaa. NIN ina herufi na tarakimu 14, na ya raia huanza na CM kwa mwanamume, CF kwa mwanamke.

Kadi yenyewe huombwa ofisi ya wilaya ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho na uandikishaji. Pita polisi kwanza upate ripoti ya kupotea kwa mali, kisha NIRA. Ada ya kadi iliyopotea kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,000. Uliza kiwango cha sasa, na ulipe kwa namba ya malipo ya PRN tu, kamwe si mkononi mwa mtu. Kabla hujalipa nauli, muulize afisa maendeleo ya jamii wa gombolola, yule wanayemwita CDO, kama wilaya imewaomba NIRA waje kambini.

Kwa waliofiwa, pole sana. Hili nalo haliwezi kungoja arobaini. Kifo kiandikishwe: taarifa ya hospitali, au ya LC1 kama mtu alifia nyumbani, ipelekwe NIRA kupata cheti cha kifo. Bila cheti, rambirambi ya serikali, akiba ya marehemu SACCO na mirathi vyote vinasimama. Baada ya jaa la taka la Kiteezi kuporomoka Agosti 2024, Rais aliagiza shilingi milioni 5 kwa kila aliyefariki na milioni 1 kwa kila aliyejeruhiwa. Kiasi kama hicho hutangazwa kwa kila tukio peke yake, si haki iliyoandikwa mahali, na anayelipwa ni yule aliyeandikishwa kuwa ndugu wa marehemu. Familia ikae, ichague mtu mmoja, iandike kikao, wote watie sahihi. Pesa za rambirambi zimevunja koo nyingi kwa sababu ya kuruka hatua hii. Na kama mwili haujapatikana chini ya udongo, andikisheni maelezo polisi mapema, mkitaja mashahidi waliomwona mara ya mwisho na mahali alipokuwa. Mahakama itauliza hayo siku mtakapoomba kusimamia mali yake.

4. Pa kulala miezi ya kwanza

Una njia tatu: kambi, jamaa, au chumba cha kupanga.

Kambi huwa shule, kanisa, au uwanja wa gombolola. Faida yake ni kuonekana: unga wa posho, maharage, blanketi na daktari hufikia hapo kwanza. Hasara yake ni msongamano na muda. Viwango vya kimataifa vinavyotumiwa na mashirika ya misaada vinataka angalau mita za mraba 3.5 za kulala kwa kila mtu, lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20. Chagueni kamati ya kambi na muwe na mwanamke ndani yake, na muzitumie namba hizo mnapozungumza na wilaya. "Tuko 160 na vyoo vitatu" husikika kuliko "tunateseka". Shule itatakiwa muhula ukifunguliwa, kwa hiyo ulizeni tarehe mapema na mdai mpango wa pili kwa maandishi. Kasese, kambi ya Muhokya ya waliokimbia mafuriko ya 2020 ilikaa miaka. Usipange maisha yako ukitegemea kwamba ya kwenu itakuwa ya wiki mbili.

Kwa jamaa ni bora kwa watoto wadogo na wagonjwa. Mwachie mwenyekiti wako anwani na simu ya hapo, na uhudhurie kila siku ya mgao. Ukipata unga, peleka nusu jikoni kwa mwenyeji wako. Naye anabeba janga hili.

Chumba cha kupanga, muzigo, kinafaa mwenye kipato cha mjini. Kabla ya kulipa, kiangalie chumba chini ya usawa wa magoti. Ukiona mstari wa tope ukutani, rangi iliyobambuka sehemu ya chini tu, au kizingiti cha saruji kilichoinuliwa mlangoni kama ukuta mdogo, ujue maji huingia hapo, na ndiyo sababu chumba kiko tupu mwezi huu. Bwaise na mabonde mengine ya Kampala alama hizo ziko wazi. Waulize wapangaji wa pande mbili, si dalali. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inataka mkataba wa maandishi kwa pango lenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi, na inazuia kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Bei za vyumba hupanda ghafla baada ya mafuriko. Kama tayari unakaa pale, sheria hiyo ni kinga yako. Dai risiti kila mwezi.

Ukipewa turubai

Turubai la misaada kwa kawaida lina mita 4 kwa 6. Wengi hulitandaza juu kama meza, mvua inajaa katikati, linazama, linapasuka kwenye matundu ya kamba. Lifanyie mgongo. Simamisha nguzo mbili zenye mita 2 juu ya ardhi, umbali wa mita 4 kati yake, ulaze mti juu, kisha turubai lipite juu ya mti huo likishuka mita 3 kila upande hadi chini. Unapata sakafu ya karibu mita 4 kwa 4 na nusu, na maji yanateremka yenyewe. Funga kamba kwenye kila tundu, si pembe nne tu, maana upepo huanza kuchana pale palipoachwa. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 20 kuzunguka kote, mdomo wake ukielekea mteremkoni. Turubai la pili lifunge ncha mbili zilizo wazi. Na jiko libaki nje: plastiki inashika moto haraka kuliko nyasi.

5. Fedha: ipi ni zawadi, ipi ni deni

Watu hukosea hapa, wakachukua mkopo wakidhani ni msaada.

Zawadi ni vyakula na vifaa vya OPM na Msalaba Mwekundu, rambirambi ikitangazwa, na fedha taslimu za mashirika zinazotumwa kwa mobile money kwa kaya zilizo kwenye orodha. Zawadi pia ni michango ya Caritas (shirika la misaada la Kanisa Katoliki), misikiti na makanisa. Huko nako kuna orodha, ya katekista au ya imamu, nayo ujiandikishe. Mabati ya serikali yenye maandishi ya Ofisi ya Waziri Mkuu hayauzwi wala hayanunuliwi. Ukiyakuta dukani yaache, maana utakayeulizwa ni wewe.

Akiba yako mwenyewe ni ya kuiangalia kabla ya kukopa. Kikundi cha akiba cha kijiji huwa na mfuko wa dharura kando na hisa. Omba kikao kiitwe, mara nyingi mfuko huo hutolewa bila riba. Vikundi vya kusaidiana, munno mukabi upande wa Buganda au vile vya engozi magharibi, havipo kwa mazishi tu. Wanachama wanaweza kukubaliana kujenga. Aliyewahi kuajiriwa na kuchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, akiwa na miaka 45 au zaidi na amechangia miaka 10, anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake chini ya marekebisho ya sheria ya 2022. Mlemavu mwenye miaka 40 na michango ya miaka 10, hadi asilimia 50. Mzee wa miaka 80 na zaidi anayepokea shilingi 25,000 za SAGE, ruzuku ya serikali kwa wazee, kwa mwezi asipoteze malipo kwa kuhama: CDO ajulishwe alikohamia.

Deni ni PDM, Mpango wa Maendeleo wa Parishi. Shilingi milioni 1 ya PDM ni mkopo wenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, kwa ajili ya uzalishaji, si kwa kujenga nyumba. Inafaa mwenye shamba lililosalia na anayetaka mbegu au kuku. Asiye na ardhi ya kulima leo, asubiri.

Fedha zikiingia kwenye simu, usizitoe zote. Kutoa hukatwa kodi ya asilimia 0.5 pamoja na ada ya wakala. Kwenye milioni 7, kodi peke yake ni 35,000. Mwenye duka la mabati akiwa na MoMoPay au namba ya Airtel ya biashara, mlipe moja kwa moja, unapata na ushahidi wa malipo. Matapeli hujua siku ya malipo. "Nimekutumia kimakosa, nirudishie" ijibiwe kwa kupiga *165# (MTN) au *185# (Airtel) na kuangalia salio kwanza; namba ya siri haisomwi kwa yeyote, hata anayesema anatoka OPM.

6. Madeni ya zamani

Nenda kwa mkopeshaji kabla ya siku ya marejesho, ukiwa na barua ya LC1 na picha. Usiombe kufutiwa. Omba mambo mawili yaliyo wazi: miezi mitatu bila marejesho, na muda wa mkopo kusogezwa kwa kiasi hicho. SACCO na benki hukubali zaidi wakisikia hesabu kuliko kilio, na mkikubaliana pata maandishi.

Wakopeshaji binafsi huzunguka kambini. Mwaka 2024 serikali iliweka ukomo wa riba yao: asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa laki mbili ni 5,600, si 40,000. Sheria ya 2016 inawakataza kushika Kitambulisho cha Taifa au kadi ya ATM kama dhamana. Fikiria tu: ukimwachia mtu kitambulisho, umemwachia na nafasi yako kwenye orodha.

7. Kurudi, kuhama, au kununua kiwanja

Nyumba iliyosombwa na mto wa tambarare huweza kujengwa upya juu zaidi. Mteremko uliokwisha kukatika ni hadithi nyingine. Ukiona ufa wenye umbo la mwezi mchanga juu ya shamba, miti iliyoinama kuelekea bondeni, chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, au milango iliyoanza kukwama bila sababu, ardhi bado inatembea. Usijenge hapo hata kama ndiko kuliko makaburi ya wazee.

Serikali imejaribu njia mbili. Ya kwanza ni kuwahamishia watu makazi mapya: baada ya Nametsi walipelekwa Kiryandongo, na baadaye Bunambutye kule Bulambuli, ambako nyumba 101 za mwanzo zilikabidhiwa 2019. Baadhi ya waliopelekwa Kiryandongo walirudi Mlima Elgon: kuishi mbali na ndugu na kahawa yao hawakuweza. Kwa hiyo ukiitwa kuhamishwa, uliza kabla ya kupanda lori: ardhi ya kulima ni ekari ngapi, hati itakuwa kwa jina la nani, shule na zahanati ziko umbali gani, na shamba la nyuma litabaki la nani. Mke aandikwe pamoja na mume. Njia ya pili, iliyoanza miaka ya karibuni kwa kaya za Mlima Elgon kwa ushirikiano na shirika la GiveDirectly, ni fedha mkononi: milioni 10 kwa kaya, milioni 3 zikikusudiwa ardhi na 7 nyumba. Kila mtu anatafuta kiwanja chake, na ndipo walanguzi wanapotokea.

Ukinunua ardhi ya kimila, nenda mara tatu: siku moja na mwenyeji, siku moja ukiwa peke yako kuzungumza na majirani wa pande zote nne, na siku moja mvua ikinyesha. Wauzaji wawe mume na mke. Nyumba au shamba la familia haliuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na mauzo bila ridhaa hiyo huvunjwa. Majirani, wazee wa ukoo na LC1 watie sahihi, mipaka ipimwe kwa hatua na kuandikwa, mti wa mpaka upandwe siku hiyohiyo. Baadhi ya viongozi hudai asilimia 10 ya bei ndipo wagonge muhuri. Hakuna sheria inayowapa. Ardhi yenye hati ikaguliwe kwanza ofisi ya ardhi ya kanda, kama ile ya Mbale. Kisha pima umbali wa mto: kanuni za mazingira za 2000 zinalinda mita 100 kutoka ukingo wa mito mikubwa iliyotajwa na mita 30 kwa mingine. Kiwanja cha bei nafuu kando ya maji ni nafuu kwa sababu hiyo.

Kuhusu paa: kwa mabati, namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko 28, na upepo unaijua tofauti hiyo. Nyumba ya mita 6 kwa 5 yenye paa la pande mbili inataka mabati 20 ya mita 3, kumi kila upande, ukihesabu sentimita 75 zinazofunika kwa kila bati. Misumari ya mpira ipigwe kwenye mgongo wa wimbi, si bondeni ambako maji hupita, na safu ya chini ya paa ipate msumari kila wimbi. Mbao za paa zifungwe ukutani kwa mkanda wa chuma uliozikwa ndani ya matofali, kozi tatu chini. Paa lisilofungwa hivyo huondoka zima.

8. Jina lisipoonekana

Orodha ikirudi kutoka wilayani, omba ibandikwe hadharani. Kama jina lako halimo, andika barua ya ukurasa mmoja kwa CAO, nakala kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, na mwenyekiti wa LC5, baraza la wilaya. Taja kijiji, parishi, tarehe ya janga, NIN, simu, na tarehe uliyoandikwa na LC1. Ambatisha nakala ya ule ukurasa wa daftari na picha mbili. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" na ubaki nayo. Barua isiyo na muhuri huo haikufika. Mkiwa wengi, andikeni barua moja yenye majina yote.

Baada ya wiki mbili bila jibu, rudi na muhuri wako. Penye dalili ya wizi, kama majina ya watu wasio wa kijiji, peleka ushahidi ofisi ya kanda ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, IGG. Mbale na Fort Portal zipo. Mwanamke anayenyimwa sehemu yake ya ardhi au mirathi aende FIDA, mawakili wanawake, ambao husaidia wasio na uwezo bila malipo. Na kama wilaya inakataa kuonyesha orodha, omba kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Afisa ana siku 21 za kujibu, zikihesabiwa tangu tarehe ya muhuri.